Kingamwili ya CD4, kloni RPA-T4: itumie wapi, iache wapi

Karibuni. Hiki nilichoshika ni kichupa cha kingamwili, yaani protini inayoshika kitu kimoja tu, hapa CD4 ya binadamu. Ni kloni RPA-T4, yaani kingamwili za aina moja zilizotoka kwenye ukoo mmoja wa seli, na imebandikwa rangi ya PE inayong'aa. Mnaona maji yake yalivyo ya waridi? Rangi hiyo asili yake ni mwani mwekundu. Wengi mmeniuliza kama inafaa kuhesabia seli zenye CD4. Inafaa, tena sana, ila kuna kazi moja nitakayowaomba msiipe.

CD4 ni protini iliyo kwenye utando wa seli T saidizi, zile zinazoziamsha seli nyingine za kinga mwili unapovamiwa. Kingamwili hii imetokana na panya, aina ya IgG1 kapa. Unaichanganya na seli za damu, inaishika CD4, kisha unazipitisha seli kwenye flosaitometa, mashine inayozipitisha moja moja mbele ya leza na kupima mwanga wake. Leza ikiipiga ile rangi, inarudisha mwanga wa nanomita 578 hivi.

Karatasi ya maelekezo niliyopewa inasema mikrolita 5 kwa seli milioni 1. Msiipokee hivyo hivyo. Nilijaribu mikrolita 5, 2.5, 1.25 na 0.6, idadi ya seli ileile, ujazo uleule, dakika 20 gizani. Kwa 5, seli zenye CD4 ziling'aa kweli, lakini hata zisizo nayo zilianza kung'aa. Kwa 1.25 makundi mawili yaliachana vizuri kuliko kote. Kwa 0.6 mwanga wa kundi la CD4 ukaanza kushuka. Kwa hiyo kichupa kimoja kinanifikisha mara nne ya nilivyoambiwa, na picha inatoka safi zaidi! Seli zenu na mashine yenu huenda zikatoa jibu jingine, basi pimeni wenyewe.

Mtaona pia kundi la katikati linalong'aa kidogo. Msiilaumu kingamwili. Hizo ni monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, nazo zina CD4, ila haba. Ongezeni kingamwili ya CD3, protini iliyo kwenye seli T lakini si kwenye monosaiti, yenye rangi nyingine, chagueni kwanza seli zenye CD3, na kundi hilo litaondoka.

Sasa ile kazi ya kuinyima. RPA-T4 inaishika CD4 sehemu ya juu kabisa, palepale ambapo gp120, protini ya virusi vya ukimwi, nayo hushika. Virusi vikishatangulia, kingamwili inakosa nafasi, na wewe unaandika kwamba CD4 imepungua kumbe imefunikwa tu. Ikitangulia kingamwili, umevizuia virusi bila kukusudia. Hapo watu hukimbilia kloni OKT4, inayoshika sehemu nyingine, na ni sawa. Lakini sikilizeni hili, maana linanigusa: wapo watu ambao CD4 yao imebadilika asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, nafasi ya 240, ajinini ikawa triptofani. Ni jambo la kurithi, na limeonekana kwa watu wenye asili ya Afrika na kwa Wajapani. CD4 wanayo, na inafanya kazi, ila OKT4 haiioni. Mtu mzima wa afya anaonekana kwenye skrini kama hana seli T saidizi hata moja! RPA-T4 inamwona.

Utunzaji ni mwepesi: friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Msiigandishe, PE huharibika. Na kama kichupa chako kina azidi ya sodiamu, kihifadhi chenye sumu kwa seli, usikimimine kwenye seli unazotaka ziendelee kuishi. Tena hiki changu kimeandikwa cha utafiti tu, kwa hiyo majibu yake hayampi mgonjwa dawa.

Kama unahesabu seli T saidizi kwenye damu, chukua RPA-T4 bila wasiwasi. Kama virusi vya ukimwi vimo kwenye jaribio, tumia OKT4, lakini kabla hujaongeza virusi, chukua seli za kila mchangiaji uzipime kwa kloni zote mbili, mrija huu na mrija ule.