Runinga ya kwantamu doti, inchi 50, niliyonunua Kariakoo: baada ya miezi mitatu

Nafundisha fizikia kidato cha sita, Temeke. Nilipoona nusu ya maboksi pale Mtaa wa Aggrey yameandikwa "kwantamu", sikutaka kulipia maandishi. Nilirudi siku ya pili na sidii ya zamani, pamoja na flashi yenye picha moja tu: mstari mweupe mwembamba juu ya weusi.

"Mama, hii haina pa kuweka sidii," kijana wa dukani akaniambia kwa upole. Nikamwomba achomeke flashi, nikautazama mstari ule ndani ya sidii, maana uso wake hutenganisha mwanga katika rangi zake. Runinga mbili za kwanza zilitoa rangi zilizoingiliana. Ya tatu ikatoa vipande vitatu vilivyojitenga, dalili niliyoitafuta: buluu, kijani, nyekundu. Nikalipa shilingi 1,250,000, na risiti ya EFD nikapewa bila kuomba.

Ndani kuna taa za buluu na utando wenye chembe za nanomita chache (nanomita ni milimita igawanywe kwa milioni); ndizo kwantamu doti. Chembe ndogo hutoa kijani, kubwa kidogo hutoa nyekundu, ingawa maada ni ileile. Bawendi, Brus na Ekimov walipata Nobeli ya kemia ya 2023 kwa chembe hizi. Mimi kinachonishika hasa ni kasi yake. Mwanga wa buluu ukiigonga chembe, elektroni hupanda ngazi ya nishati, na ndani ya pikosekunde chache (sekunde igawanywe kwa bilioni elfu) huwa imeshamwaga nishati ya ziada kama joto. Kisha hungoja nanosekunde kadhaa, kila moja pikosekunde elfu, muda mrefu mno kwake, ndipo itoe rangi. Haya hupimwa kwa leza za femtosekunde, yaani sekunde igawanywe kwa milioni bilioni: mpigo wa kwanza unaamsha, wa pili unachungulia. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, alizitazama molekuli zikivunjika kwa njia hiyo, akapata Nobeli 1999. Darasani humtaja kila mwaka.

Siku ya dabi, wekundu wa Simba na kijani cha Yanga vilikuwa kama nimekaa jukwaani. Sauti ni hafifu, nimeongeza spika. Mchana pazia likiwa wazi, kioo kinaakisi sebule nzima. Nunueni na stabilaiza.

Wiki iliyopita nilipitia pale kununua waya wa antena. Kijana ana sidii yake mwenyewe sasa, anamwonyesha mteja vile vipande vitatu.