libsodium kwa vocha za Wi-Fi na zamu za upatu: uzoefu wangu, Kigoma

Ninatumia libsodium, maktaba ya programu za usimbaji fiche, kupitia PyNaCl inayoiunganisha na lugha ya Python, kwa kazi mbili hapa Kigoma. Moja ni kutoa vocha za Wi-Fi za mgahawa mmoja wa Ujiji. Nyingine ni kupanga zamu za kupokea fedha katika upatu wa akina mama wanaouza dagaa na mawese Kibirizi. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nitasema imepotelea wapi.

Vocha hazina maneno mengi. Programu iliyokuwepo pale mgahawani ilichukua saa ya kompyuta kama mbegu, yaani thamani ya kuanzia ambayo namba zake zote hutokana nayo, kwa hiyo aliyejua vocha zimechapwa lini alikuwa na sekunde chache tu za kubahatisha. Moduli ya random inayokuja na Python nayo haifai kwa kazi hii. Ndani yake kuna Mersenne Twister, kanuni ya kuzalisha namba ya Matsumoto na Nishimura, ambayo kwa uigaji na takwimu ni nzuri, lakini mtu akikusanya matokeo 624 ya biti 32 yaliyofuatana anaweza kukokotoa yote yatakayokuja. Sasa naita nacl.utils.random, nayo inachota baiti kutoka kwenye mfumo endeshi. Laptopu yangu ni ya Linux, ambako tangu kerneli 4.8 ya mwaka 2016 namba hizo huzalishwa kwa saifa ya mtiririko (njia ya kuficha ujumbe kwa mfululizo mrefu wa baiti) iitwayo ChaCha20. Kwenye herufi na tarakimu 36 niliondoa 0, O, 1 na I, maana wateja huzichanganya, zikabaki alama 32. Kwa kuwa baiti moja ina thamani 256, na 256 hugawanyika kwa 32 bila baki, kila alama ina nafasi sawa, na vocha ya alama nane ina uwezekano wa trilioni moja na ushee.

Upatu ndio ulionifanya niipende.

Zamani walikunja vikaratasi na kuviweka kwenye bakuli, na kila mzunguko lawama zilimwangukia aliyevikunja. Nilipoleta laptopu, mama mmoja akanitazama: "Mwanangu, hiyo kompyuta ni yako. Nitajuaje kama hukuifundisha jina la shangazi yako?" Swali la haki kabisa. Akina mama wale hawahitaji siri, wanahitaji nasibu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia na kupata jibu lilelile, lakini ambayo hakuna aliyeweza kuitabiri kabla.

Kazi hiyo inafanywa na randombytes_deterministic. Unaipa mbegu ya baiti 32, inaitumia kama ufunguo wa ChaCha20. Saifa hii ilitolewa na Daniel J. Bernstein mwaka 2008. Inapanga ufunguo, kihesabio na namba chache zisizobadilika katika maneno 16 ya biti 32, inayavuruga kwa raundi 20 za kujumlisha, kuzungusha biti na XOR (kulinganisha biti mbili mbili), kisha inatoa baiti 64. Kihesabio kinaongezeka kwa moja, inatoa nyingine 64. Kwa kawaida mtiririko huo huchanganywa na ujumbe ili kuuficha. Hapa hakuna ujumbe, mtiririko wenyewe ndio namba tunazotaka.

Usidhani kila saifa ya mtiririko inafaa. RC4 ya Ron Rivest, ya mwaka 1987, ilitumika hivi kwa miaka mingi, hadi Mantin na Shamir walipoonyesha mwaka 2001 kwamba baiti yake ya pili huwa sifuri karibu mara mbili ya inavyostahili. Upatu wenye upendeleo wa namna hiyo ungevunjika mapema.

Mbegu tunaitengeneza wote. Kila mwanachama anaandika neno lake kwenye karatasi, anaikunja na kuiweka mezani, na hakuna anayefungua mpaka zote ziwe zimetimia. Utaratibu huu si mapambo: anayetaja neno wa mwisho akiwa amesikia ya wenzake anaweza kujaribu maneno kwenye simu mpaka apate linalompa zamu ya kwanza. Kisha tunasoma kwa sauti, naunganisha maneno kwa mpangilio wa daftari la kikundi na kuyapitisha kwenye BLAKE2b, kanuni inayogeuza maandishi ya urefu wowote kuwa baiti 32 za mbegu. Mwanachama mmoja alimtumia mwanawe aliyeko Dodoma maneno yote kwa WhatsApp, akaendesha programu huko, mpangilio ukarudi uleule. Tangu hapo kelele zimehamia kwenye faini za wachelewaji.

Angalia herufi kubwa na nafasi. "Dagaa" na "dagaa" ni mbegu mbili tofauti kabisa, basi kubalianeni kuandika herufi ndogo tupu. Pia blake2b ya PyNaCl, usipoiambia vingine, hurudisha maandishi ya heksadesimali yenye herufi 64, na mbegu hiyo inakataliwa. Iambie RawEncoder, ili ikurudishie baiti 32 zenyewe.

Sasa ile nyota. libsodium ina randombytes_uniform, inayokupa namba chini ya kikomo ulichotaja bila upendeleo, lakini hiyo haipokei mbegu. Ukitaka nasibu ya kurudiwa unapewa baiti ghafi, hesabu ni yako. Wanachama wako 12: ukigawa baiti kwa 12 na kuchukua baki, wanne wa kwanza wana nafasi 22 kati ya 256, wengine 21. Inabidi utupe 252 hadi 255 na kuchukua baiti inayofuata, kisha kwa waliobaki 11 kikomo ni 253, na kuendelea. Ni mistari michache ya programu, ila mtu asiyejua ataipita, na wenye maktaba wangeweza kutuandikia mara moja tukamaliza.

Ni ya bure, na PyNaCl hubeba libsodium ndani yake, kwa hiyo ukishaisakinisha hata kikao kisicho na mtandao kinaendelea. Maelezo niliyoyaona yote ni ya Kiingereza. Na kwa vocha usiguse kabisa hii ya mbegu, kwa sababu atakayeipata mbegu amepata vocha zote, zilizouzwa na ambazo hazijauzwa.