Uzoefu wangu na kumbukumbu za minada za Heritage kwa noti za zamani za Marekani

Nakusanya noti ambazo benki zenye leseni ya serikali kuu ya Marekani zilitoa kwa majina yao wenyewe kati ya 1863 na 1935. Katika kutafuta bei, sijapata chombo kinachonifaa kuliko kumbukumbu za mauzo za Heritage Auctions ya Dallas. Unajiandikisha bure, unaona picha za noti mbele na nyuma, na bei iliyofikiwa mnadani.

Ila uingie ukijua unatafuta nini. Ukiandika "dola 20 za 1929" yatamwagika matokeo yasiyokusaidia. Tafuta kwa jina la benki, mji na namba ya leseni. Kwenye noti ndogo za 1929 namba hiyo imechapwa kwa wino mweusi pembeni, kushoto na kulia. Noti hizo zilichapwa kwa aina mbili, na Aina ya 2 huirudia kwa kahawia karibu na namba ya noti. Bei inaanzia hapo. Noti yangu ya Bank of America ya San Francisco, leseni 13044, ni nzuri lakini zimebaki nyingi mno. Noti ya dola zile zile kutoka benki ya Fairbanks, Alaska, wakusanyaji wanaigombania. Umri peke yake hauongezi kitu.

Jihadhari na noti za 1929 za Federal Reserve Bank, yaani benki za kanda za benki kuu ya Marekani. Nazo zina muhuri wa kahawia na maneno "National Currency", ila hazina namba ya leseni, zina herufi ya wilaya ya benki hiyo. Usizilinganishe bei.

Halafu soma daraja, yaani alama ya hali ya noti. Nyingi zimefungwa kwenye plastiki ya PMG au PCGS, kampuni zinazopima hali ya noti, kwa kipimo kinachoishia 70, na noti ya 20 haiwezi kuuzwa kama ya 64. Wauzaji wakumbuke pia kwamba bei unayoiona imejumlisha ada anayolipa mnunuzi. Mfukoni mwako itaingia pungufu.

Udhaifu wa kumbukumbu hizi unaonekana kwa benki adimu: unaweza kukuta mauzo mamoja tu, tena ya zamani. Hapo nahamia Bank Note History, tovuti ya chama cha wakusanyaji noti, Society of Paper Money Collectors, nisome habari za benki yenyewe na maofisa waliotia sahihi.

Kwa mwenye noti moja ya urithi, nazipendekeza kumbukumbu za Heritage kwa moyo wote. Aanze hapo kabla hajazungumza na mnunuzi yeyote, na noti asiioshe wala kuipiga pasi.