GPU gani ununue kwa bajeti ya kawaida, na kwa nini teraflopsi zinadanganya

Swali ninaloulizwa sana kuhusu GPU, yaani kadi ya picha ya kompyuta, ni hili, "kaka hii ina teraflopsi 12 na ile ina 9, si nichukue ya 12?" Jibu langu huwa inategemea, halafu mtu ananuna. Ngoja nieleze.

Teraflopsi moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde. Hiyo namba haijatungwa, ila ni hesabu ya kwenye karatasi tu, unachukua idadi ya kore (vihesabio vidogo ndani ya chipu) unazidisha kwa 2 unazidisha kwa kloki (spidi yake) basi. RTX 3060 ya Nvidia ina kore 3584 na kloki ya 1777 MHz, piga mwenyewe ugawe kwa milioni utapata 12.7. RX 6600 ya AMD ina kore 1792 kloki 2491 MHz, inatoka 8.9. Kwa karatasi 3060 imemwacha mwenzake mbali sana, washa gemu kwenye 1080p sasa, zinakwenda bega kwa bega, gemu hii inaongoza huyu gemu ile yule. Sababu ni kwamba kuanzia kadi za 2020 Nvidia walizidisha kore zinazohesabika, ila nusu yake zinafanya kazi mbili kwa zamu, gemu ikihitaji hesabu za namba nzima zile kore zinahamia huko na teraflopsi ulizoahidiwa zinapungua. Ndo maana RTX 2080 Ti ya teraflopsi 13.4 na RTX 3070 ya 20.3 kwenye gemu nyingi ni kama pacha. Kwa hiyo linganisha teraflopsi za ukoo mmoja tu, 3060 na 3070 sawa, Nvidia na AMD hapana.

Kitu cha pili ni memori, na hapa mfano mzuri ni GTX 1660 na GTX 1660 Super. Kore 1408 zote mbili, kloki 1785 zote mbili, teraflopsi 5.0 zote mbili, yaani kwa hesabu ile ni kitu kimoja. Lakini ya kwanza ina memori ya aina ya GDDR5 inayopitisha GB 192 kwa sekunde, Super ina GDDR6 inapitisha 336, na Super inaizidi kwa tofauti unayoiona kwenye skrini bila kupima, kwa sababu kore za yule mwingine zinakaa zinasubiri data. Ukubwa wa VRAM (memori ya kwenye kadi yenyewe) nao usiudharau, gemu mpya kwenye GB 4 zinaanza kukwama au picha zinakuja zimefifia.

Na kabla hujatoa hela fungua CPU yako (namaanisha boksi lenyewe, si mnaita hivyo) uangalie pawa saplai. Wengi wetu tunatumia zile Dell OptiPlex na HP za ofisini zilizotumika Ulaya, mashine nzuri sana, ila zile ndogo pawa saplai yake ni kama wati 240 hivi na haina plagi ya pini 6 wala 8 ya kuipa kadi umeme. Ukienda kubeba kadi ya wati 170 utarudi nayo dukani. Sloti (pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi) inatoa wati 75 tu, huo ndo mpaka wako.

Sasa orodha yangu.

Namba moja RX 6600, kwa mtu wa gemu mwenye pawa saplai ya maana. GB 8, wati 132, na ile spidi ya memori ya GB 224 kwa sekunde isikutishe kwa sababu ndani ya chipu kuna kashe (memori ndogo ya haraka) ya MB 32 inayopunguza safari za kwenda kwenye memori. Ya 2021 lakini bado inapiga kazi na kwa kawaida bei yake iko chini ya 3060.

Namba mbili RTX 3060 ya GB 12, na kama unatumia Blender (programu ya 3D), unaedit video au unachezea mambo ya AI basi kwako hii ndo ya kwanza bila mjadala. Programu nyingi za huko zimeandikwa kwa ajili ya CUDA (mfumo wa Nvidia pekee), na modeli isipoingia kwenye VRAM haijali una teraflopsi ngapi. Angalia iwe ya GB 12 kweli maana kuna toleo la GB 8 lenye njia nyembamba ya memori na jina ni lilelile, jamani hawa watu na majina yao.

Tatu RTX 4060. Kali, wati 115 tu, ila GB 8 kwa bei ile inaniuma kidogo. Ukiipata kwa bei karibu na 6600 chukua.

Nne GTX 1660 Super used. Tano RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, wati 70, haihitaji plagi, na kuna za lo-profaili (fupi) zinazoingia kwenye OptiPlex ndogo. Kwa hesabu ya bei haina maajabu, ila kwa mwenye mashine ile hii inapanda mpaka namba moja, za juu zote hazimhusu.

RX 580 naiweka mwisho. Teraflopsi 6.2 dhidi ya 5.0 za 1660 Super na bado inapitwa, inakula wati 185, halafu nyingi zimetoka kwenye kuchimba Ethereum (sarafu ya kidijitali) kabla haijaachana na uchimbaji Septemba 2022. Ukiona imeandikwa 2048SP ujue hiyo ni RX 570 imevalishwa jina.

Usiguse RX 6500 XT kama mazabodi yako ni ya PCIe 3.0 (toleo la zamani la sloti), kadi hii ina leni (njia za data) 4 tu inashuka vibaya, na hata chipu ya kurekodi video hawajaiweka. GT 1030 ya DDR4 pia acha, inapitisha GB 16.8 kwa sekunde wakati ya GDDR5 inapitisha 48, na boksi linafanana.

Ukinunua used, angalia tundu nyuma kwanza. GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA la bluu ni feki karibu mara zote, maana chipu za Pascal (ukoo wa kadi hiyo) hazitoi VGA, hapo ndani wameweka chipu ya zamani kama GTS 450 wakaibadilishia jina. Nenda na flashi yenye GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi), feki za Nvidia inaziandika kabisa kuwa ni feki, halafu mwambie muuzaji awashe FurMark (programu ya kuipa kadi kazi nzito) dakika kama 10 huku unasikiliza feni na kuangalia joto, vidoa vya rangi vikianza kutokea kwenye skrini memori imechoka, rudisha.