Nyota nne kwa Mama Duka, barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay

Nimeuza duka la mtu Kariakoo miaka tisa, kwa hiyo nikiingia dukani macho huenda kwenye mizani kabla ya bidhaa. Ya Mama Duka ni ile ya mawe, sahani zinang'aa kwa kusuguliwa, na stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka huu. Nikajua nimefika kwa mtu wa kazi.

Duka lenyewe usilitarajie makubwa. Ni fremu moja ya matofali ya kuchoma, dirisha la nondo, na benchi nje ambalo wazee hulikalia kuanzia saa kumi jioni. Nilienda kwa msiba wa mjomba nikakaa wiki saba, na sita kati ya hizo nilishinda pale nikipima na kufunga.

Siku ya kwanza tu alinishika mkono. Nilikuwa namfungia mtoto robo ya sukari, nikaongeza kidogo juu, tabia ya mjini ya kumvuta mteja.

"Mwanangu, hiyo huruma yako nani anailipa?"

Akanipigia hesabu. Mfuko wa kilo 50 ni robo 200. Ukizidisha gramu tano kila robo, umegawa kilo nzima bure. Na faida yake kwa sukari ni shilingi 400 kwa kilo, nauli ya mzigo bado hujaitoa. Lakini hapunji pia: sahani zikilingana, basi. Mzigo ukishushwa kutoka Songea anaupima upya kwa mizani ya kuning'iniza, dereva akiwa amesimama hapo hapo. Nilidhani ni ubishi wa uzee mpaka tulipopokea mfuko uliopungua karibu kilo mbili. Hakupiga kelele. Aliandika, akapiga simu, na safari iliyofuata muuzaji wa jumla akamkata bei.

Ila kilichonibakiza pale ni daftari. Ukutani fundi amemchorea "Kukopa harusi, kulipa matanga", na chini ya maandishi hayo daftari la mikopo liko wazi kutwa nzima! Nilicheka, naye akacheka. Kariakoo mteja humjui, akitoka ndiyo basi. Huku kwa Wamatengo pesa kubwa ni ya kahawa: inachumwa katikati ya mwaka, inapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, malipo yanakuja baadaye. Januari watoto wanataka madaftari na sare, na mwenye shamba hana kitu mfukoni. Ukikataa kukopesha utakaa na chumvi yako. Ukikopesha ovyo, mwezi Machi huna mtaji.

Yeye kila kaya ana ukurasa wake, na deni linasomwa kwa sauti mbele ya mkopaji kabla hajaondoka. Kiwango cha mkopo anakipanga kwa miche ya kahawa aliyoiona kwa macho yake akienda kanisani, wala si kwa magunia ya kuahidiwa. Asiye na kahawa analipa kwa mahindi, au anakwenda kumchimbia ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, shambani kwake. Bia, sigara na vocha hazikopeshwi, hata uwe mwenyekiti wa kijiji. Kwenye daftari la mwaka jana nilikuta kurasa nne hazijafungwa. Mbili wenyewe wamefariki, akazichana nikiwa namwangalia.

Wengi humwambia lami imemwua, maana sasa mtu anapanda gari asubuhi, ananunua Mbinga, saa sita yuko nyumbani. Ni kweli mche wa sabuni kwake umezidi shilingi 200 kuliko mjini. Lakini nani atalipa nauli kwenda kununua nusu mche? Anaukata kwa waya, anauza vipande. Na lami hiyo hiyo ndiyo inayomletea usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa. Zamani masika yakikolea, anasema, mzigo uliweza kulala njiani siku mbili na kufika unanuka. Usipa ndio uliomsomeshea watoto watatu, na alianza nao kwenye beseni, kabla hajawa hata na meza.

Nikaona pia jambo lililonipendeza: dawa hauzi. Mtu akiomba vidonge anaelekezwa duka la dawa muhimu, na mama huyu hukumbusha kwa fahari kwamba mpango wa maduka hayo ulianzia mkoa wetu huu wa Ruvuma, mwaka 2003. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 anafunga sukari kwa karatasi, kwa mkunjo ambao hadi naondoka sikuuweza.

Sasa lawama. Mkate unakuja Jumanne na Ijumaa tu, na wa Alhamisi unaweza kuukalia. Umeme ukikatika soda ni ya moto na bei haishuki. Jumapili hafungui mpaka saa kumi, hata ukigonga unaumwa njaa. Uwakala wa pesa ndio dhaifu kabisa: wiki ya malipo ya kahawa kila mtu anataka kutoa, keshi inaisha saa nne asubuhi, na bodaboda wa kwenda kufuata nyingine Mbinga anarudi jioni. Nilimshauri alale na keshi nyingi zaidi wiki hiyo. Akaniuliza kama nitalala nayo mimi.

Nilipomwambia nataka kufungua langu hakuninyima wala kunisifia. Aliniuliza vijiji vipi havina mtu wa kukata sabuni, kisha akanyamaza akisubiri nijibu. Nimeshalipia fremu miezi sita, kijiji cha tatu kutoka kwake, na mizani ya mawe nimeagiza. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya ule mkate wa Alhamisi.