Ethi mbovu ya gari: usugue ya zamani au uongeze waya mpya?

Ethi ni waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini na bodi. Stata inazunguka kivivu, taa zinafifia? Weka mita ya volti kati ya hasi ya betri na chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, ethi ina kasoro.

Kwa gharama, kusugua kunashinda: spana, kipande cha msasa, grisi kidogo ukishakaza bolti. Ila gari la pwani kutu hurudi, utafungua tena. Na waya ulioliwa ndani ya ganda lake msasa hauusaidii.

Waya mpya mnene ni ghali zaidi, lakini hudumu, mradi ufungwe kwenye chuma kitupu. Fundi akiufunga juu ya rangi, umelipia pambo.

Bolti ina kutu tu? Sugua. Waya umekakamaa na kuota ukijani? Ongeza mpya.