Nimezimiwa mashine bosi wa gemu akiwa anakaribia kufa: uzoefu wangu na Expedition 33 kwenye kibanda cha gemu Arusha

Clair Obscur: Expedition 33 ndiyo gemu bora kuliko zote nilizowahi kushikia pedi, na kuna wiki nzima sikutaka hata kusikia jina lake. Hasira zenyewe si za gemu, ni za kijana mmoja wa zamu pale kibandani. Lakini sasa hivi nikiiona ile picha ya mbele namwona yeye, kwa hiyo na gemu nayo itapata makofi yake humu, inisamehe.

Sina mashine ya gemu, PS5, nyumbani. Bei yake naijua, na ada za shule nazijua, basi. Nacheza kibandani, hapa hapa Arusha, mahali ambapo sitapataja kwa sababu mwenye banda ni mstaarabu na siku ile hakuwepo. Runinga ni kubwa, pedi hazina vitufe vilivyolegea, viti ni vile vya plastiki vya harusini. Mpira ni mia tano mechi moja. Gemu nyingine unalipa kwa saa, na unalipa kabla hujakaa. Na pale kila mtu ni mpira tu. Mji unajengewa uwanja kule Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027, madogo hawajasubiri, wao mashindano wameshaanza.

Mimi nikiingia wanajua ni yule mzee wa gemu ya Wafaransa. Ni kweli ni ya Wafaransa, imetengenezwa na kampuni ndogo ya Montpellier inayoitwa Sandfall Interactive, na ndiyo iliyobeba tuzo ya gemu bora ya mwaka 2025 kule Marekani. Niliwahi kumweleza dogo mmoja habari ya tuzo, akaniuliza ina Simba na Yanga?

Kwa asiyeijua, nitasema kidogo tu. Kuna mji unaitwa Lumière. Ng'ambo ya maji limesimama jiwe kubwa mno, na kila mwaka kiumbe mmoja wa kike, Mchoraji, anainuka na kuandika namba juu yake. Kila mwenye umri wa namba hiyo anageuka petali na vumbi, anapeperuka mbele ya macho ya watu wake. Mwaka unaofuata namba inashuka. Gemu inaanza ikiwa imefika 33, na mji unatuma msafara mwingine kwenda kumkomesha. Mimi mwenyewe kwa umri wangu ningeshapeperushwa kitambo, na labda ndiyo maana hadithi ilinishika pabaya tangu mwanzo. Wale wanaoaga kule bandarini wamevaa maua shingoni na wanachekeshana, halafu unaambiwa kwa nini.

Sasa mapigano. Ni gemu ya zamu. Ikifika zamu yako, kila kitu kinatulia, kinakungoja wewe. Piga hesabu za pointi zako, chagua nani apige na nani atibu, kunywa soda ukitaka. Ni kama drafti ya vizibo pale kijiweni: mtu akiinamia ubao hakuna wa kumharakisha, na anayemharakisha anaonekana hana adabu. Lakini zamu ya adui ikifika, vidole viwe macho. Unakwepa au unapangua. Kukwepa kuna nafasi, hata ukiwahi kidogo unapona. Kupangua hakuna huruma, ila ukipatia unaongezewa pointi, na ukipangua mapigo yote ya mfululizo mmoja, mtu wako anamrudishia adui pigo moja ambalo utalisikia mgongoni. Na maadui wa humu ni wajanja. Anainua mkono, wewe unabonyeza, yeye bado kauinua, anakuangalia. Ukishakata tamaa ndipo anaushusha.

Siri ya kupangua ni sikio. Macho yanadanganyika, sauti haidanganyi, kuna mvumo unaotangulia kila pigo. Pale kibandani spika ya mlangoni inapiga singeli kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga. Muziki wa gemu hii, alioutunga Lorien Testard, ambao watu dunia nzima wanausifu, mimi nimeusikia vizuri kwenye simu, usiku, na visikizi. Kibandani nimepambana na mabosi wa Kifaransa, yaani wale maadui wakubwa, kwa mdundo wa Manzese. Évêque nilimmaliza hivyo. Goblu naye hivyo hivyo. Nilikuwa sijalalamika.

Nilipofika kwa Lampmaster, mvua ilikuwa inanyesha, ile ya masika isiyo na haraka, kwa hiyo banda lilikuwa limejaa madogo wasio na pa kwenda. Huyu Lampmaster yuko mwisho wa eneo linaloitwa Stone Wave Cliffs. Ni jitu lenye mikono mingi kuliko inavyohitajika, na mikono mingine imeshika taa. Unampiga, unampiga, damu, yaani ule mstari wa uhai wake, inaisha, unashusha pumzi. Damu inajaa upya. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu sasa taa zake zinawaka moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na ikifika zamu yako inabidi uzilenge na kuzipiga risasi kwa mpangilio ule ule. Kila risasi inakula pointi moja. Ukipatia, lile pigo lake kubwa la mwanga linapungua makali. Ukikosea, andaa mazishi.

Kwa hiyo nilikuwa nimetulia. Taa zimeshawaka, zamu ni yangu, nimeshika mpangilio kichwani na nauimba polepole kwa mdomo ili usipotee. Mkono wa chuma wa Gustave, mpiganaji wangu, ulikuwa umejaa umeme tayari kwa lile pigo lake. Wenzake nao, Lune hai, Maelle hai. Damu ya yule mdudu ilikuwa imebaki kipande. Skrini haisogei kwa sababu haitakiwi kusogea, hiyo ndiyo gemu yenyewe.

Kijana wa zamu akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mzee, unacheza au umelala?"

Nikamwambia nacheza.

"Mbona haiendi?"

"Ni zamu yangu. Nafikiria."

Akawageukia wale wa foleni. "Eti anafikiria." Wakacheka, na mimi nikashikilia mpangilio wangu wa taa.

"Mzee, hii mechi yako haiishi? Watu wamekaa hapa, wewe unaangalia picha. LUKU ya watu inakwenda."

Nikamwambia nimelipia saa na saa haijaisha. Jibu alilonipa nimelibeba mpaka leo: "Saa ni ya kucheza, mzee, siyo ya kukaa." Akapitisha mkono juu ya bega langu, juu ya bega langu jamani, akabonyeza kitufe cha mashine na kukishikilia. Ikalia pii. Skrini nyeusi. Nikajiona mle ndani nimeshika pedi, mdomo wazi, bado natamka taa ya tatu.

"Utamalizia kesho, mzee wangu." Alisema hivyo huku pedi ameshaichukua.

Nikadai chenji ya muda uliobaki. Akanijibu kwamba mfumo hauna kurudisha hela. Mfumo wenyewe ni daftari la mistari na peni iliyofungwa kwa kamba. Nikatoka nikanyeshewa mpaka nilipopata kifodi, na ndani ya kifodi ndipo majibu yote mazuri yakaanza kunijia.

Kinachoniuma si hela. Huyu kijana mtu akicheza mpira haji kumuuliza mbona umeusimamisha ukibadilisha wachezaji. Dogo anaweza kukaa kwenye ile orodha ya wachezaji anachagua jezi, anachagua viatu, anarudi tena kwenye jezi, hakuna anayemgusa. Lakini mtu mzima akinyamaza dakika mbili kupanga hesabu anaonekana anaiba umeme. Nililipia kufikiri. Ndicho kitu gemu hii inauza! Ukiondoa ile nafasi ya kufikiri inabaki kubonyeza tu, na vya kubonyeza pale vimejaa.

Halafu nikikaa nikifikiria zaidi, na Wafaransa nao nina neno nao. Ukiwa ndani ya eneo hakuna ramani. Hakuna kabisa. Ile Stone Wave Cliffs nimeizunguka napita jiwe lile lile naliona kwa pembe nyingine nadhani ni jiwe jipya, na hapo saa ya banda inakwenda. Mwenye mashine yake nyumbani ataniambia kupotea ni sehemu ya utamu. Sawa, apotee kwa umeme wake. Mimi kila kona niliyorudia niliilipia. Nilifika kwa Lampmaster nikiwa nimeshachoma hela ya kutosha, na bado nikazimiwa. Kwa hiyo siku ile ningeulizwa ningewapa nyota moja wote: banda, kijana, Sandfall, na hata Gustave.

Ila nyota moja ni uongo, na nimejaribu kuitetea nimeshindwa. Nilirudi. Nilienda asubuhi, siku ambayo madogo wako shule, nikakuta gemu imenitunzia safari yangu, kwa sababu hujihifadhi yenyewe njiani. Kilichopotea ni lile pambano tu, inabidi ulianze toka damu ya kwanza. Yaani Wafaransa wa Montpellier ambao hawanijui wamenifikiria kuliko mtu aliyekuwa amesimama mgongoni kwangu. Watu wanasema shusha ugumu, gemu inaruhusu. Inaruhusu, ndiyo, na hakuna aibu, lakini huyu Lampmaster alishakuwa ugomvi wangu binafsi.

Kijana alikuwepo, anafuta viti. Salamu hakunipa. Nikakaa, nikalipa, nikaanza. Damu ya kwanza ikaenda haraka. Ya pili, taa zikaanza kuwaka, na hapo singeli ikapungua, ghafla, mpaka nikausikia ule mvumo kabla ya pigo, safi kabisa, kwa mara ya kwanza kwenye runinga ile. Nikapangua mfululizo wake mzima. Sijui kama aliipunguza kwa ajili yangu. Simu yake ilikuwa inaita, alitoka nje kuongea, na aliporudi akaipandisha tena. Mimi nilikuwa nimeshazipiga taa zote nne kwa mpangilio, na Gustave ameshaushusha ule mkono.

Lampmaster alivyodondoka nilipiga ukelele, sikatai. Kinachofuata baada ya pale sitakisema, nawaheshimu ambao hawajafika. Nitasema tu kwamba niliiweka pedi chini na sikuigusa, skrini ikiendelea yenyewe, na safari hii kijana akapita, akaangalia, hakuuliza kama nimelala. Akasimama kidogo. Akasema "duh", akaenda kufungua dirisha. Wala hilo halinifanyi nimpende.

Basi nyota za gemu ni tano, au nne na nusu mpaka walete ramani. Ucheze nyumbani kama unaweza, au kwa rafiki asiyehesabu dakika, na sauti iwe juu. Banda nalipatia nyota mbili. Nilikuwa nalipatia moja, nimeongeza moja kwa sababu ya runinga, na kwa sababu mabanda mengine niliyopita kuulizia hawana gemu hii, mmoja aliniambia ana nyingine ya mazimwi, nikakuta ni magari. Nikikumbuka ule mkono begani nairudisha kwenye moja. Andikeni moja na nusu.

Mwenye banda nimeonana naye juzi kati, nikamweleza yote, mpaka ile habari ya saa ni ya kucheza siyo ya kukaa. Akanipa pole, akanipa soda, akasema muda wangu uliobaki nitafidiwa, ataangalia kwenye daftari uliandikwaje. Daftari analijaza kijana yule yule.